Barua kwa mdogo wangu anayefungua shamba la farasi

Mdogo wangu,

Nimesikia umepata ekari tano kule Kitengela, na sasa unataka kufundisha watu kupanda farasi na kuwafunza farasi wa watu. Umekulia mgongoni mwa farasi, kwa hiyo sina la kukueleza kuhusu kukaa kwenye tandiko. Ila shule ya farasi haiendeshwi na ustadi wa mwenyewe. Inabebwa na farasi mtulivu, wa makamo, asiyeshtuka mtoto akipiga kelele, na farasi huyo ana saa chache tu za kazi kwa siku. Mipango yako yote ianzie hapo.

Najua unawatamani wale farasi waliostaafu mbio pale uwanja wa Ngong. Ni wazuri, lakini usimpandishe mwanafunzi mgeni juu yao. Farasi wa mbio amezoeshwa kuegemea lijamu: ukivuta hatamu, anaongeza kasi. Na mwanafunzi akiogopa hufanya nini? Huvuta hatamu. Tena huyo farasi anamjua joki mwepesi aliyekunja magoti juu. Miguu mirefu inayomgusa mbavuni ni jambo geni kwake. Mwache malishoni miezi kadhaa, umfundishe upya kwa kamba ndefu kisha kwa tandiko, na usimhesabu kama farasi wa shule kabla ya mwaka kwisha. Kwa kuanzia tafuta wa miaka kumi hadi kumi na mitano. Simama naye barabarani pikipiki zikipita, fungua mwamvuli mbele yake, ndipo mzungumze bei.

Sema una farasi sita. Masomo mawili ya saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, ni masomo 60. Toa ya farasi mmoja, maana hakosi mmoja anayechechemea au mwenye kidonda mgongoni. Yanabaki 50, na bajeti ipigwe kwa hayo 50. Uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi; wa kilo 450 asibebe zaidi ya 90. Weka mizani ofisini na sheria ukutani, ili saisi, yaani mtunza farasi, asiachiwe kazi ya kubishana na mteja.

Ekari hizo hazitalisha farasi sita, kwa hiyo nyasi kavu utanunua zote. Kila mmoja ni kama kilo 9 kwa siku: kilo 1,620 kwa mwezi, yaani marobota 108 ya kilo 15. Nunua nyasi za Boma Rhodes kwa wingi baada ya mvua, kabla kiangazi hakijapandisha bei, uyapange juu ya mbao na si sakafuni. Robota lenye ukungu huleta kikohozi. Chakula kipya kiingizwe polepole kwa siku 7 hadi 10. Farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua usiku mmoja.

Udongo mweusi wa huko hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Ukimwaga mchanga wa uwanja wa kupandia farasi juu yake moja kwa moja, masika moja tu utakuwa umezama. Kwa uwanja wa mita 20 kwa 40, ondoa ule udongo, jaza mawe, shindilia, weka changarawe na uishindilie tena kwa mteremko mdogo kuelekea mtaroni. Mchanga uwe sentimita 5 hadi 8 tu. Ukizidi hapo, kano za miguu ndizo zitakazolipa.

Linalonitia hofu zaidi ni usubi. Ndio unaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, na nyanda hizo zina pundamilia, ambao hubeba virusi bila kuugua. Chanjo itangulie mvua, kila mwaka. Farasi waingie zizini kabla ya jua kuzama, watoke likishachomoza. Saisi apime joto la kila farasi asubuhi na kuliandika: 37.5 hadi 38.5 ni sawa. Likipanda, na vile vishimo vya juu ya macho vikijaa na kuvimba, mwite daktari saa hiyo hiyo. Saisi mmoja kwa farasi watatu au wanne, mlipe vizuri. Yeye ndiye atakayeona kabla yako.

Mfundishe pia kutazama mgongo tandiko linapotolewa. Jasho linapaswa kulowesha sawasawa pande zote mbili. Doa kavu katikati ya jasho maana yake tandiko linagandamiza hapo, na kesho patakuwa na kidonda. Mkanda wa tumbo ukaguliwe mara mbili: kabla ya kupanda, na tena baada ya dakika chache za kutembea, kwa sababu farasi wengi hujaza pumzi ukiwafunga. Mwanafunzi avae kiatu chenye kisigino kidogo, mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, akaburutwa.

Kabla hujaagiza lori la kwanza la mchanga, chimba shimo la mita moja pale unapotaka uwanja, ulijaze maji, kisha niambie yamechukua muda gani kukauka.