Usiwatoe watu kwenye dini mwanangu

Assalaam alaykum mwanangu. Sie wazima alhamdulillah, babako presha imeshuka anakula vizuri. Nakuandikia kwa sababu nikipiga utanikatisha, na hili nataka ulisikie lote.

Ile voisi uliyotupia kwenye grupu la familia nimeisikia. Ati Maibadhi, watu wa dhehebu la mjombako, ni Makhawarij, lile kundi la zamani lililojitenga na Waislamu wenzao, ati aliyesali nyuma yao airudie sala yake. Mjombako kaisikiliza mpaka mwisho, kanirudishia simu, kauliza huko unakosoma baridi imeshaanza, basi, hakusema jengine. Mimi ndo usingizi umenipaa. Baba yangu alikuwa Ibadhi na wewe unajua, sina haja ya kukuhadithia. Sasa unanambia mimi nimelelewa na nani?

Kusoma umesoma, na nikisikia tajwidi yako kwenye Kurani najifakhari mbele za watu. Lakini nani kakupa kazi ya kuwatoa watu kwenye dini? Kwa sababu kwenye sala wananyoosha mikono na hawaitikii amin baada ya Alhamdu? Babako Shafii anafunga mikono, lakini anasoma dua ya kunuti alfajiri na maulidi hayamkosi, na najua huko kuna wanaosema hayo nayo bidaa, uzushi kwenye dini. Leo mjomba, kesho babako, keshokutwa utabaki na nani kwenye safu? Na hao Makhawarij unaowataja, walichojulikana nacho zaidi ni kuwakufurisha, kuwaita makafiri, Waislamu wenzao. Hebu lifikirie hilo vizuri mwanangu.

Hapa Unguja wafalme walikuwa Maibadhi na raia wengi Mashafii, kadhi alikuwepo wa huku na wa huku, kila mtu akienda kwa wake na jioni wakikaa baraza moja. Mufti wa Oman, Sheikh Ahmad al-Khalili, kazaliwa hapahapa. Na mwaka 2005 wanazuoni kama 200 kutoka nchi zaidi ya 50 walikutana Amman, Jordan, wakakubaliana kuwa mwenye kufuata moja katika madhehebu nane ni Muislamu na haijuzu kumkufurisha: zile nne za Kisunni, Jaafari na Zaydi za Kishia, Ibadhi na Dhahiri. Utanambia hayo mambo ya wafalme na siasa. Haya, tuyaache ya Amman. Sahaba Usama bin Zayd alimuua mtu vitani keshatamka la ilaha illa Llah, akajitetea kuwa yule kasema kwa kuogopa silaha, Mtume s.a.w. akamuuliza, mbona hukumpasua moyo ukajua? Na Suratun Nisaa aya ya 94 unaihifadhi kuliko mimi, anayekutoleeni salamu msimwambie si muumini.

Sisemi dini haina mpaka. Inao, shahada ni shahada, na anayekanusha Mtume hatuwezi kumwita mwenzetu. Lakini mpaka huo wanauzungumza watu waliozeeka kwenye vitabu, na wao wenyewe wanatetemeka, wanatafuta udhuru kwanza. Wewe hujamaliza hata chuo ushakata hukumu kwa voisi ya dakika mbili, na watoto wa dadako wamo kwenye grupu wanasikia. Mdogo kaniuliza kama baba yangu yuko motoni. Nimjibu nini?

Bishana na mjombako ukitaka, yeye anapenda, mletee dalili zako na yeye akuletee zake, wanafunzi ndo wanavyofanya. Ila usimtoe kwenye dini. Usimtoe, nakuomba kama mamako.

Mashine ya maji imekufa tena, fundi kasema mota, tunachota kwa jirani. Umeme wa tukuza, huu wa kulipia kabla, unaisha kama unaliwa. Pesa uliyotuma imefika, ahsante, nimemlipa mwenye duka. Arusi ya dadako mwengine iko palepale na mjombako ndo atakayesalisha Isha siku hiyo, tushakubaliana na babako, na utasimama nyuma yake kama watu wote. Vipimo vya kanzu nitumie wiki hii, fundi anavingoja. Na mjombako mpigie, usimwandikie, piga usikie sauti yake, baada ya Alasiri anakuwa hana kazi.

Mamako