Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha: Kwenye ramani hatuvuki mto

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: VIVUKO VYA MIGUU KATIKA MITO YA JIJI

Habari za kazi. Mimi ni mama muuza mboga. Kibanda changu kiko bondeni, ukingoni mwa mto Naura, hatua chache kutoka kwenye magogo tunayovukia. Nauza mnafu, figiri, mchicha na nyanya za mafungu. Barua hii nimeiandika vipande vipande, mteja akija naweka kalamu chini, kwa hiyo ukikuta nimeruka mahali unisamehe.

Imeanzia kwenye kikao. Wataalamu wa mradi mmoja wa barabara walikuja mtaani kwetu kutueleza wanachofikiria. Mradi siutaji wala waliowatuma siwataji, maana walikuja kwa adabu na hata maji ya chupa walitugawia. Wakabandika ramani ukutani. Mto umechorwa kwa bluu, barabara zilizopo kwa nyeusi, na ile wanayoipendekeza, itakayofuata ukingo wa mto, kwa nyekundu. Nikavaa miwani nikasogea kutafuta magogo yetu. Hayapo. Nikatafuta kinjia kinachoshuka kati ya mashine ya kusaga na ukuta wa jirani. Nacho hakipo. Nikamwuliza kijana mmoja wao, "Mwanangu, sisi hapa tunavukia wapi?" Akaitazama ramani, akanitazama mimi, kisha akaweka kidole juu kabisa, kwenye daraja la Barabara ya Sokoine. "Hapa, mama."

Sikumjibu. Nilirudi kibandani nikaanza kufikiri.

Mito ya mji huu inatoka Meru na kushuka kusini kama vidole: Burka, Ngarenaro, Naura, Goliondoi, Themi, Kijenge. Mingine imezipa kata majina. Ngarenaro ni Kimaasai, maji meusi, na kata ya Daraja Mbili haihitaji mkalimani. Barabara kubwa zenyewe zinakwenda mashariki na magharibi. Ile ya Moshi hadi Nairobi inavikata vidole huku juu karibu na kiganja, Sokoine inavikata katikati, na mchepuko mpya wa kilometa 42.4 umezunguka mbali kusini. Hapo kati, kidole na kidole havionani. Ukitaka kwenda mtaa wa pili lazima upande mpaka kwenye lami, uvuke pamoja na malori na Costa za watalii, halafu ushuke tena.

Mimi jirani yangu wa ng'ambo namwona anavyoanika kanga. Akiniita nasikia. Lakini kwa kifodi, yaani daladala zetu ndogo, kati yangu na yeye kuna nauli mbili: ya kwanza mpaka mjini, ya pili kushuka upande wake, na katikati foleni. Bodaboda atakupeleka, naam, kwa kuzunguka kule kule, na bei atataja akishakuona una haraka.

Ndiyo maana tuna magogo. Ni magogo mawili ya mgrivea, juu yake yamepigiliwa mabanzi, na ubavuni kuna waya wa kushikia. Banzi la tatu ukitokea upande wetu linacheza. Watoto wa hapa wote wanalijua, wanaliruka bila hata kulitazama, na mgeni tunamtambua kwa kulikanyaga. Kiangazi mto wenyewe ni wa kuchekwa, unaweza kuuvuka bila kulowesha vifundo. Masika ikiingia, kuanzia Machi, unakuja usiku na sauti kama ya lori linalomwaga mawe, asubuhi magogo hayapo.

Kuna kijana wetu mmoja anaendesha guta. Yeye ndiye huyatafuta mengine. Akishayaweka anakaa hapo wiki mbili hivi akitoza shilingi mia kwa kila mtu mzima mpaka misumari na mbao zirudi, kisha anaondoka zake na kivuko kinakuwa bure. Tozo yenye nidhamu kama hiyo sijaiona kwingine. Siku ambazo hakuna magogo anabeba watu mgongoni, wanafunzi bure, wakubwa mia tano. Nilibebwa mara moja. Kwa kilo zangu hizi, sirudii, na yeye nadhani harudii.

Tunacheka, Mkurugenzi, lakini Aprili 2024 katika jiji hili hili gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na mafuriko na watoto wakafa. Tangu wakati ule wazazi wa huku mvua ikinyesha usiku hawaulizani kama shule ipo. Wanaulizana, "Magogo yapo?" Yasipokuwepo mtoto anabaki nyumbani, na kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro.

Sasa nieleze nilichokifanya baada ya kikao kile. Jumatatu iliyofuata nilichukua kopo tupu la maziwa ya unga na mfuko wa mahindi ya kupika makande. Nikajiambia, kila atakayevuka, kwenda au kurudi, natia punje moja. Saa kumi na mbili asubuhi kopo lilikuwa tupu. Wakapita kwanza vijana wa viwandani, wengine bado wanapiga miayo. Wakafuata wadada wa kazi za ndani, kisha wenzangu wenye mabeseni kichwani, kisha wanafunzi, wale wadogo wameshikana mikono mstari mmoja na dada yao mkubwa nyuma. Mzee mmoja alivuka na baiskeli begani. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mdomoni, kwa sababu mkono mmoja unashika waya na mwingine umeshika mtoto wa pili. Kengele ya shule ilipolia kopo lilikuwa limejaa na nilishahamia kwenye sufuria. Siku hiyo makande yalichelewa.

Najua kopo la mahindi si upembuzi yakinifu. Lakini fikiria kila punje ingekuwa wapi kama magogo yasingekuwepo. Ingekuwa Sokoine, imesimama ndani ya kifodi, imeinamisha shingo, ikisubiri kupita kwenda mahali inapopaona kutoka mlangoni kwake. Foleni ya asubuhi ambayo kila mtu mjini anailalamikia imechanganyika na watu wa namna hii, watu wasio na safari yoyote ya mjini. Wanapita mjini kwa kuwa mto hauna kivuko. Ukiwapa kivuko wanatoka barabarani wenyewe, bila askari wa usalama barabarani kupuliza filimbi.

Nirudi kwenye ile barabara nyekundu ya ukingoni. Ninaelewa kwa nini inapendwa. Ukingo wa mto ukiutazama kwenye karatasi unaonekana mtupu, hauna ghorofa la kulipia fidia wala mwenye hati wa kwenda mahakamani. Ila Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na kabla hujaniuliza nakiri mwenyewe: kibanda changu kimo ndani ya hizo mita 60, na nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu kabla ya sheria hiyo imo pia. Mkiniambia, "Mama, ondoka, mto unahitaji nafasi yake," nitabisha kidogo, kisha nitaondoka. Nitakaposhindwa kuelewa ni pale mtakaponiondoa mimi na matuta ya mchicha kwa jina la mto, halafu mmwage lami mahali pale pale.

Lami hainywi maji. Hilo tumeliona kwa macho. Upande wetu wa juu ulijengwa mtaro wa mawe, mzuri wa kupendeza, aliyeujenga simtaji. Ulipofika kwetu ukaishia, ukawa unatema maji yote juu ya kile kinjia chetu. Zamani mvua ikinyesha ilituchukua muda mto kupanda, unawahi kuanua nguo na kuingiza kuku. Siku hizi unapanda ungali unatafuta kandambili.

Wenzetu wa Dar es Salaam wameshalipa ada ya somo hili. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza 2016, karakana yake ilikuwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi. Kila mvua kubwa ilipokuja tuliona kwenye taarifa ya habari: barabara ya Jangwani imefungwa, maji yameingia kwenye karakana, mabasi yanakimbizwa. Bonde lilionekana tupu, na lilikuwa tupu kwa sababu mto huwa unarudi kulichukua. Sisi mto wetu ni mdogo kuliko Msimbazi, lakini una mlima nyuma yake, na maji yanayoshuka mlimani yana haraka.

Utasema, Mkurugenzi, kwamba barabara za mitaa ziko kwa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017, ruti za vifodi zinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na mto wenyewe ni wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana maji haya yanakwenda Kikuletwa, Nyumba ya Mungu, hadi baharini. Nalijua hilo, na ndilo lililonifanya nikuandikie wewe. Kivuko cha miguu hakina mwenyewe. Kwa watu wa barabara si barabara, kwa watu wa vifodi si kituo, kwa watu wa maji ni kitu kilichokaa juu ya maji. Kila mmoja akikitazama kwa kitabu chake anaona kinamhusu mwenzake. Wewe ndiye unayeweza kuwaketisha wote meza moja, tena mkiwa na Mpango Kabambe wa Jiji unaotazama 2035 mbele yenu, mkaandika ndani yake neno "kivuko" kama mnavyoandika neno "barabara".

Hatuombi daraja la kupiga picha za harusi. Tunaomba kivuko cha chuma chenye upana wa kupita guta, kingo za kushika pande zote mbili, na taa moja kila upande, kwa sababu wadada wanaorudi saa mbili usiku wanavuka wamewasha tochi za simu. Kiwe na mteremko badala ya ngazi peke yake. Tuna jirani wa kiti cha magurudumu ambaye ng'ambo amekwenda mara ya mwisho akiwa anatembea. Mdomoni ziwekwe nguzo mbili bodaboda wasipite mbio. Vijana wa kijiweni wakisoma hapa watanuna, lakini wananijua, tutayamaliza. Na kimo chake msikikadirie ofisini. Maji ya 2024 yalipofika tuliweka alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa choo cha jirani. Mhandisi aje apime kutoka pale kwenda juu.

Vikishakuwepo vivuko kadhaa kwenye kila mto, basi hata vifodi vitapangika vingine. Leo karibu kila ruti inakimbilia mjini kwa sababu mjini ndiko kwenye daraja. Kituo kikiwekwa kwenye mdomo wa kivuko, mtu atashuka upande huu, atavuka kwa miguu, atapanda ya upande ule. Ukingo wenyewe uachiwe miti na njia ya waenda kwa miguu, hata mboga kama sheria itaturuhusu.

Uwanja wa AFCON unajengwa Olmoti kwa ajili ya 2027, watu 30,000, na nasikia mipango ya kuwafikisha mashabiki inaendelea. Sina neno na mpira, mwanangu wa mwisho halali kwa ajili ya huo mpira. Ila mashabiki watakuja siku za mechi na kuondoka. Hawa wa kwenye kopo langu wanavuka Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili wanavuka kwenda kanisani.

Ombi langu la kwanza kabisa halina gharama. Kabla ile ramani haijapigwa muhuri, watume vijana wenye madaftari wakae kwenye kila kivuko cha magogo, kila kinjia kinachoshuka mtoni, Naura na mito mingine, asubuhi moja ya siku ya kazi na asubuhi moja ya mvua, wahesabu miguu. Halafu warudi ukutani na kalamu, wachore tunapovukia.

Na wewe mwenyewe ukipata nafasi njoo. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari liache juu kwenye lami kwa sababu huku halifiki. Ukishuka kinjia cha mashine ya kusaga utaniona, nina mwavuli wa bluu. Vaa viatu ambavyo hutavionea huruma. Ukifika kwenye magogo, banzi la tatu liruke.

Wako,
Mama wa mboga, bondeni Naura
Arusha