Mheshimiwa Meya, kanuni za watumishi wa serikali zibandikwe ukutani

Kwa Mheshimiwa Meya wa jiji la Lubumbashi,

Jambo sana, Mheshimiwa.

Ninaishi Katuba, na ninakuandikia kama nkambo, yaani mzazi wa mama yake, wa mtoto wa majuma matano. Jumanne nilimsindikiza binti yangu kwenye ofisi moja ya serikali hapa jijini ili mtoto aandikishwe. Sheria ya familia ya Kongo inatupa siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Karani akatuambia karatasi zimekwisha, ila tukimwachia kitu kidogo atatutafutia. Nikaomba risiti. Hakunijibu, akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Kilichoniuma zaidi ni binti yangu. Alikuwa ameshafungua pochi kabla hata ya kutajiwa kiasi, maana tangu utoto wake ameona matabishi, yaani hicho kitu kidogo, yakitolewa kama vile ndiyo bei yenyewe. Kwenye foleni ile wengi walishika noti zilizokunjwa tayari.

Mheshimiwa, nchi hii ina Kanuni za Mwenendo wa Mtumishi wa Serikali. Zilitolewa kwa dekreti-sheria namba 017/2002 ya tarehe 3 Oktoba 2002. Zinamkataza mtumishi kudai au kupokea zawadi kwa kazi aliyopewa na serikali, na zinamtaka amhudumie kila raia sawasawa. Ni zaidi ya miaka 20 sasa. Nimewauliza majirani zangu: mwalimu mmoja tu ndiye aliyewahi kuzisikia, naye alizisoma chuoni, kwa Kifaransa. Basi mama anayeuza mboga kwenye soko la Kenya, komini ya hapa jijini, atamkumbusha karani kipengele gani, ikiwa hajui hata kwamba kipo?

Uingereza, baada ya kashfa za wabunge, kamati ya jaji Lord Nolan ilitoa mwaka 1995 kanuni saba tu za utumishi wa umma: kutanguliza faida ya wote, uadilifu, kutopendelea, kuwajibika, uwazi, ukweli, na kuongoza kwa mfano. Zote zinaenea kwenye ukurasa mmoja. Na zetu zinaweza kufupishwa hivyo, kwa Kiswahili.

Sisemi haya kwa kumchukia karani. Wapo wanaofanya kazi miaka na miaka bila matrikule, ile namba ya mtumishi aliyesajiliwa, ndiyo kusema bila mshahara. Kumdai mtu huyo uadilifu huku watoto wake wakilala njaa ni dhuluma pia, na wewe una sauti ya kulifikisha neno hilo Kinshasa. Lakini deni la serikali kwa karani halilipwi na mtoto mchanga.

Ninachoomba kinawezekana. Katika kila komini, yaani kila sehemu ya jiji yenye ofisi zake, toka Kampemba hadi Ruashi, bandikeni karibu na dirisha muhtasari wa kanuni hizo kwa herufi kubwa, na chini yake bei ya kila karatasi, zile za bure zikitajwa wazi. Karani avae jina lake kifuani. Risiti itolewe bila kuombwa. Malalamiko yapokelewe na mtu asiyekuwa mkuu wa karani huyo huyo, na yajibiwe kwa maandishi.

Mtoto wetu bado hajaandikishwa. Zimebaki siku hamsini na kitu. Jumatatu tutarudi kwenye dirisha lile lile, na safari hii nimemwambia binti yangu aiache pochi nyumbani.

Ni mimi, nkambo wa mtoto huyo,
Katuba, Lubumbashi