Waulize maji yalitoka wapi

Mwanangu Mwanahawa,

Sisi hatujambo, ila presha ya mama yako inapanda na kushuka. Mpango wako wa utafiti nimeusoma mara mbili. Michoro ya boriti na nguzo ni safi, hata ringi zimekaa mahali pake, nami nimejivunia. Lakini nguvu ya zege umeipa kurasa tatu, na maji ya kuchanganyia yamepata mstari mmoja. Hapo hujanifurahisha, mama. Na kwa kuwa Jumatatu unaondoka kwenda Tanga kukagua majengo, nimeona nikuandikie leo.

Tangu ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024, kila mtu anauliza habari za mifuko ya saruji na unene wa nondo. Wanaouliza maji ni wachache. Wewe uulize. Pwani hii visima vya chumvi ni vingi, na bomba likikauka siku ya kumwaga slabu, ni fundi gani atarudisha vibarua nyumbani?

Piga hesabu. Mfuko wa kilo 50 unachukua kama lita 25 za maji. Kikomo kinachotumika sana kwa zege lenye nondo ni kloridi, ile sehemu ya chumvi inayotia nondo kutu, asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, yaani gramu 200 kwa mfuko. Maji ya bahari yana gramu 19 hivi kwa lita, kwa hiyo lita 25 zinaingiza gramu 475. Kisima chenye gramu 2 kwa lita kinaingiza 50 tu, na hapo ndipo watu wanapojidanganya, kwa sababu mchanga wa ufukweni bado hujauhesabu, wala upepo wa bahari wa miaka 20 ijayo. Kiwango cha Ulaya, EN 1008, hakiruhusu zaidi ya gramu 1 kwa lita kwa zege la nondo. Wala usipime kwa ulimi: aliyezoea kisima chake hasikii chumvi.

Ukifika kwenye jengo, anza na nyundo. Gonga slabu kwa chini. Penye mlio mkavu pazima. Pakilia kama mtungi mtupu, zege limeshaachana na nondo, usisimame hapo. Halafu toboa kwa drili, kusanya vumbi la kila milimita 10 hadi uipite nondo, kila tabaka na mfuko wake, na biti uifute kabla ya kuendelea. Ukiacha kuifuta, chumvi ya nje utaibeba mwenyewe hadi ndani na majibu yote yataharibika. Chumvi ikiwa nyingi nje na kupungua kadiri unavyoingia, imeletwa na upepo wa bahari. Ikiwa sawasawa toka nje hadi ndani, iliingia siku ya kuchanganya, na kava, yaani zege linaloifunika nondo, hata ya milimita 50 haikuwa na la kuzuia.

Usitulizwe na fenolftaleini, ile dawa ya kupima kama zege bado lina alkali ya kulinda nondo. Zege litageuka rangi ya waridi, utaona ni zima, na kloridi inaendelea kula. Yenyewe hutoboa utando unaolinda chuma mahali padogo, kutu ikachimba shimo papo hapo. Nondo ya milimita 12 inaweza kuwa imeliwa nusu, na nje plasta haijasema kitu. Vunja kipande, nyunyizia nitreti ya fedha kwenye uso mpya: panapogeuka peupe pana kloridi.

Na majibu ya maabara yasikutoshe. Tafuta wazee wa mtaa, uwaulize mwaka lile jengo linajengwa walikuwa wanachota wapi. Mkandarasi atakuambia bomba.

Slabu ya juu ya kibaraza chetu imepasuka kufuata nondo, ufa kila sentimita 20 kama umepigwa rula, na madoa ya kutu yanashuka ukutani. Mama yako anasema ni mvua. Nimetoboa na kukusanya matabaka manne, yako kwenye makopo juu ya kabati. Nenda nayo, uyapime. Yatasoma sawasawa hadi ndani. Bomba halikutoa maji wiki ile, na kisima kilikuwa hatua kumi tu. Usimwambie mama yako kabla sijaweka mirunda. Kesho naleta sita.

Ada ya mdogo wako nimelipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi. Pampu inavuja tena. Juzi ulipofika Dodoma hukupiga simu hadi usiku. Safari hii upige ukiwa Segera.

Shangazi yako nimemwambia utafikia kwake. Mpelekee ile kanga. Ameanza msingi wa vyumba viwili, na kisima kiko nyuma ya jiko. Kabla hujakaa kula, chota chupa moja.

Baba yako