Mikanda ya harusi zetu inaoza, tuihamishe deki zikiwa bado zazunguka

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako japo barua yangu ndefu, mana jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu na kila siku nikisema ntaandika kesho. Mie ni mpiga video hapa Chake Chake, Pemba. Nimeanza kazi enzi za kamera za kubeba begani, zile unatia mkanda mzima wa VHS ndani yake, na leo mwanangu ananionesha simu yake ya mkononi inapiga picha safi kuliko kamera zote nilizowahi kushika. Nimepiga harusi, maulidi, mchezo wa ng'ombe, ngoma ya msewe, watu wakenda Hija na watu wakirudi. Upande wa wanawake akipiga mke wangu, mana mie siingii kule, na mpaka leo ndo hivo hivo.

Sasa mwezi uliopita kaja bibi mmoja kutoka Mtambile, kashuka kwenye gari na mfuko wa plastiki kaukumbatia kama kabeba mtoto. Akanambia, "Baba, nambiwa wewe na mkeo mnafufua mikanda. Humu mna harusi yangu, na mna mama yangu, na mama hana picha nyengine." Nkautoa mkanda nkautazama kwenye kile kidirisha chake, nkaona ule ukoga mweupe umetanda ukingoni mwa utepe kama unga wa muhogo. Nyumba zetu karibu na bahari, joto, unyevu, mkanda umekaa juu ya kabati miaka zaidi ya ishirini, usioze vipi?

Wengi wakiuona hivo wanautia kwenye deki hivo hivo. Msifanye, nakuombeni sana. Ule ukoga unaganda kwenye kichwa cha deki, picha inakuwa mvua tupu, na mkanda mwengine mzima ukitiwa baadae nao unapata ukoga ule ule au unakwaruzwa. Nkafungua skrubu tano za nyuma, nkatoa zile gurudumu mbili, nkawa napitisha utepe kidogo kidogo kwenye kitambaa laini chenye spiriti, nauzungusha kwa kidole, pole pole, mana mahala pamoja ulishakunjika na ukivuta kwa nguvu unakatika. Kazi hiyo ilinichukua kutoka baada ya Adhuhuri mpaka Magharibi. Kisha nkauhamishia kwenye kasha jengine safi la mkanda ambao hauna kitu cha mana, nkafunga waya zile za rangi tatu kutoka kwenye deki mpaka kwenye kidude kinachoingia kompyuta kwa USB, nkamwita mke wangu, nami nkatoka nkakaa barazani.

Niko barazani nasikia vigelegele vya mkanda, nasikia ngoma, mara kimya, halafu sauti ya mwanamke mtu mzima ikisema, "Wapeni wageni maji jamani, wapeni maji." Yule bibi ndani akapiga ukelele. Mke wangu alinambia baadae kwamba picha ilikuwa inacheza na rangi zimefifia, sura ya mama mtu ilionekana sekunde chache tu pembeni, kashika birika, lakini sauti ilikuwa safi na bibi alitaka irudiwe mara sita. Mhariri, mtu kasafiri kutoka Mtambile kwa ajili ya sekunde hizo.

Sasa ndo naja kwenye nnalotaka kulisema. Sisi Wazanzibari tulitangulia kwenye picha hizi, televisheni ya rangi tulikuwa nayo tangu miaka ya 70 wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka miaka ya 90 kupata stesheni zao. Jamaa waliokuwa Arabuni, Dubai, Muscat, wakirudi na deki na kamera, harusi za miaka ya 80 na 90 zikapigwa kwa wingi. Lakini kila ikija mashine mpya tunatupa ya zamani, na ikitupwa mashine picha zilomo nazo zimekufa hata kama mkanda wenyewe mzima, mana utepe ule huusomi kwa macho, si kama barua au picha ya karatasi unayoweza kuiokota baada ya miaka hamsini ukaitazama.

Tizameni tulivopita. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Betamax, mkanda wa aina nyengine wa Sony, na ikaishinda. Kwetu ikafika ikatamba. Kisha zikaja VCD, sahani moja inachukua dakika sabini na kitu tu kwa hivo harusi moja ilikuwa sahani tatu au nne, na ile picha ukiitazama leo kwenye TV kubwa ni vigae vigae, kwa sababu ina nukta 352 kwa 288 tu. Watu walifurahi wakahamisha mikanda yao kwenye VCD wakatupa mikanda! Yaani kwa picha walitupa kilicho bora wakabaki na kilicho duni, na sahani zenyewe tulizokuwa tunachoma kwenye kompyuta zina rangi ndani yake inayofifia kwa joto na mwanga. Nna sahani nilizozichoma mwenyewe kwa mikono yangu, leo deki inazizungusha inazizungusha inaandika "no disc". Hilo linaniuma, mana wateja waliniamini.

Ikaja DVD, GB 4.7, afadhali. Kisha mwaka 2006 yakaanza mashindano ya wakubwa, sahani ipi mpya ya picha safi zaidi ichukue nafasi ya DVD, Toshiba na wenzake na HD DVD yao, Sony na wenzake na Blu-ray. Zote mbili zilikuwa zinasoma kwa leza ya buluu iliyoelekea zambarau badala ya ile nyekundu ya DVD, na mwanga huo mawimbi yake mafupi zaidi kwa hivo vile vidoti vya kwenye sahani vinaweza kuwa vidogo na kusongamana zaidi, HD DVD ikabeba GB 15 kwa tabaka moja na Blu-ray GB 25, picha nukta 1920 kwa 1080. Vijana wakija hapa kuniuliza wanunue ipi, nkawambia subirini. Mwezi wa kwanza 2008 Warner, kampuni kubwa ya filamu, wakasema wao watabaki na Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari mwaka huo huo Toshiba wakatangaza wanaacha. Miaka miwili tu! Alonunua mashine ya HD DVD kwa pesa zake nzuri sahani zake nzima, mashine yake nzima, lakini duka halina kitu kipya cha kumuuzia na siku mashine ikiharibika basi tena.

Kwetu huku hizo sahani za HD hazikuingia majumbani, labda kwa mmoja mmoja. Sisi tuliruka, kutoka DVD tukenda kwenye flashi na memori kadi na simu. Na umeme nao ulichangia. Huku Pemba mpaka ilipoletwa waya ya chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha, umeme ukikatika mkanda umo kwenye deki unabaki umenasa ndani, ukiurejea utepe umeshaliwa. Simu ina betri yake. Mtu yuko Micheweni anatizama harusi ya Muscat, hana haja ya deki wala TV.

Siisemi vibaya simu, hasha, nnaitumia kila siku. Lakini msidhani kitu kikiwa kwenye simu ndo kimehifadhiwa. Simu ikitumbukia baharini imekwenda na kila kitu. Na kuna hili la WhatsApp, watu wanatumiana video ya harusi halafu wanaifuta ile ya asili kwa sababu "imo kwenye grupu". Ile ya kwenye grupu imebanwa! WhatsApp inaibana video ipungue uzito ipite kwenye bando, na miaka mingi mwisho wake ilikuwa MB 16 kwa video moja. Ukiituma mara tatu nne kutoka mtu kwa mtu sura za watu zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Ukitaka ifike kama ilivo itume kama dokyumenti, na ile ya asili itoe kwenye simu uitie kwenye hadidiski, na hadidiski ziwe mbili, moja kwako moja kwa ndugu yako nyumba nyengine.

Narudi kwenye mikanda mana hiyo ndo ya haraka. Kampuni ya mwisho inayojulikana iliokuwa ikitengeneza deki za VHS duniani, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Mwaka 2025 mwezi wa pili Sony nao wakaacha kutengeneza vile vikanda vidogo vya MiniDV tulivokuwa tukitumia kwenye kamera za harusi, pamoja na sahani tupu za Blu-ray za kurikodia. UNESCO na wenzao wa nyaraka za sauti na picha walitoa tahadhari tangu 2019 kwamba mikanda isohamishwa mpaka 2025 sehemu kubwa itapotea, si kwa kuoza tu bali kwa kukosa mashine na watu wanaojua kuzitengeneza. Na 2025 ndo hiyo ishafika. Mie hapa nna deki moja inayofanya kazi na mbili za kutoa spea, rola ya mpira na belti. Fundi alokuwa akinisaidia keshazeeka, macho hayaoni skrubu.

Naomba pawe na chumba kimoja Unguja na kimoja Pemba ambapo mwananchi anaweza kupeleka mkanda wake ukasafishwa ukahamishwa. Haihitaji jengo jipya. Deki mbili tatu, kompyuta, hadidiski, watu wawili walofunzwa. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, ndo wenye kazi ya kumbukumbu, nawaomba waongoze, na masheha watangaze mitaani. Lakini mkanda wa saa tatu unahitaji saa tatu kuhamishwa, hakuna njia ya mkato, kwa hivo tusisubiri.

Na nalisisitiza hili, mana najua ndo litakalowazuia watu na wana haki: mikanda mingi ni ya sherehe za wanawake, wamo bila ya baibui, wamejiachia, walipigwa kwa makubaliano kwamba wataonana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hivo kazi ya mikanda hiyo ifanywe na wanawake peke yao, mwenye mkanda akae pale pale, akimaliza aondoke na mkanda wake na flashi yake na kwenye kompyuta kisibaki kitu. Asinambie mtu ataiweka kwenye YouTube ipate watazamaji. Video ya bibi wa watu ikivuja mara moja tu hapana atakaekuja tena. Ngoma za hadharani, mchezo wa ng'ombe, mashindano ya resi za ngarawa, hizo ziwekwe kila mtu azione, na nakala ibaki Kilimani.

Juzi napita bondeni wakati wa mpunga nkaona vijiti vimefungwa utepe mweusi unametameta kwa jua, wa kufukuza ndege. Nkasimama nkaushika. Utepe wa VHS, nusu inchi, naujua kwa kidole. Nkamuuliza kijana wa shamba kautoa wapi, akanambia, "Mjomba, mlikuwa na boksi zima kwa bibi, tulilikuta darini alipofariki." Sikuweza kumlaumu, hakuna alomwambia mna nini ndani yake. Nkamuuliza ipo iliobaki, akaniletea kumi na nne.

Mke wangu yuko kwenye mkanda wa tatu sasa. Belti ya deki imeanza kuteleza. Kwa hivo Mhariri, msomaji wako yeyote mwenye deki ya VHS imekaa stoo, hata mbovu, hata haiwaki, asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aniwekee, ntaifuata mwenyewe popote Pemba, na akiwa Unguja ntaipokea bandarini Mkoani.

Ni mie msomaji wako,
Mpiga video,
Chake Chake, Pemba