Alituuliza kama mwanawe ni nusu mtu

Shikamoo Anti, au basi marahaba, maana sijui nani mkubwa kati yetu; mimi mwezi wa 12 natimiza 58. Ni saa tisa usiku, mzee amelala, nimekaa jikoni na simu. Unga wa maandazi nimeshaukanda, unasubiri kuumuka, sina kazi ya kunishika, ndiyo maana nakuandikia. Nikikosea herufi nisamehe, miwani iko chumbani na sitaki kumwamsha mtu.

Nataka uniambie jambo moja tu: mtu akirudishiwa rambirambi anafanya nini? Kwa umri wangu sijawahi kuona. Nimeona ndugu wakigombania rambirambi, nimeona daftari la michango likipotea msibani, lakini mama mfiwa kusimama watu wanakula, akahesabu noti kumi za elfu kumi kumi, moja moja, kwa sauti, halafu akairudisha bahasha mikononi mwangu na kuniuliza, "Katibu, mwanangu ni nusu mtu?" Hilo sijaliona. Aliniita Katibu. Yeye ambaye miaka yote ananiita dada. Na mwenyekiti alikuwa amesimama palepale, kashika kofia yake, hakuulizwa kitu.

Unajua mifuko ya jumuiya ilivyo. Wetu unatoa laki mbili akifa mwanajumuiya, na laki moja akifa mzazi au mkwe wa nje. Kijana alikuwa mwanajumuiya, zaka analipa, kadi yake nimeijaza mimi mwenyewe kwa mkono huu. Sasa usiku ule kamati ilikaa koridoni hapohapo nyumba ya msiba, watu watano, saa nne usiku, na mzee wetu mmoja akatoa katiba ya mfuko. Imeandikwa "mwanajumuiya akiitwa na Bwana". Akasema, huyu hakuitwa, alijipeleka. Mhazini akasema basi tugawe katikati. Mwenyekiti akasema hiyo ndiyo busara. Mimi sikusema kitu. Mimi ni katibu, kazi yangu kuandika na kusaini, sikupendekeza nusu na naomba hilo lieleweke. Nilisaini kwa sababu bila saini tatu hela haitoki, na ningegoma angekosa hata hiyo laki moja.

Watu wanasema jumuiya yetu haina upendo. Si kweli. Mawe ya Mwanza unayajua, kaburi huku si kuchimba, ni kupasua. Wanaume wetu walianza saa kumi na moja alfajiri kwa nyundo na mtaimbo, mpaka saa nane mchana, mmoja kidole kikapasuka akafunga kitambaa akaendelea. Asiyekupenda anakupasulia mwamba? Wanawake tulichota maji, tulipika, tulilala msibani siku mbili. Najua kwa msiba wa yule mzee wa juu tulilala nne. Hata hilo amelisema, alikuwa anahesabu kila kitu yule mama, kumbe. Lakini siku ya tatu ilikuwa Jumatatu, watu wana kazi.

Na Misa alipata. Enzi za baba yangu, ambaye naye alikuwa kiongozi tangu jumuiya hizi zinaanza miaka ya 70, mtu wa hivyo alizikwa jioni bila padre, bila wimbo, na watu walirudi nyumbani hawaongei. Paroko wetu huyu mpya alikataa. Alitukumbusha kwamba Sheria ya Kanisa ya 1917 ndiyo iliyowanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kusudi, ile ya 1983 haiwataji tena, na Katekisimu namba 2283 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Na namba iliyo kabla yake inasema mtu akiwa kwenye mahangaiko makubwa ya akili, hatia yake inapungua. Alisoma zote mbili kaburini, polepole, kama anayesomea watoto. Katekista wetu alikuwa anaangalia ziwani. Kwa hiyo Kanisa lilimpokea mzima, Anti. Ni sisi koridoni tuliomkata katikati.

Unaona, nimeandika "sisi". Basi iwe sisi.

Kijana alikuwa mpiga kinanda. Sita, miaka sita, kila msiba wa parokia yeye ndiye aliyekuwa pale. Baba yangu alizikwa kwa kinanda chake. Mke wa mwenyekiti vilevile. Siku yake kinanda kililetwa, kikawekwa kwenye meza, kiti kikawekwa, hakuna aliyekaa. Kuna kijana mwingine anajua kupiga kidogo, alipoambiwa akatikisa kichwa akarudi nyuma ya wenzake. Kwaya ikaanza bila kinanda, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anawapa sauti ya kuanzia, wakaanza juu mno, kufika kiitikio soprano wakakatika, wakabaki wanaume peke yao. Mama yake nilikuwa nimemshika mkono. Hakulia. Alisema tu, "Wameanza juu."

Nimezunguka mno. Shida ni kwamba tangu siku ile ya bahasha mama yake hakanyagi jumuiya. Miezi miwili sasa. Jumamosi tunasali nyumba kwa nyumba, zamu yake ilipofika mwenyekiti akasema tumruke tumpe muda, tukaenda kwa anayefuata, na kwa anayefuata ni ukuta mmoja na kwake. Tuliimba akisikia. Nilisikia anaosha vyombo. Nataka arudi, Anti. Wakati mwingine naomba Mungu ahamie jumuiya nyingine kabisa, nisikutane naye pale bombani, maana ananisalimia vizuri, na hiyo ndiyo inaniua, heri angenitukana. Hela ile bado ninayo. Siitumii, siirudishi kwa mhazini, iko ndani ya Misale.

Mwanangu wa kike ananiambia mama nenda kwake, muombe radhi, mpe laki mbili kamili yaishe. Rahisi kusema. Nikimpeleka laki mbili leo si nimekiri kwamba jana alikuwa nusu?

Kuna kitu kingine, sikutaka kukiandika. Mimi ndiye mama yake wa ubatizo yule kijana. Nilimshika kwenye maji akiwa na wiki tano. Jumanne ya wiki ileile alikuja hapa jikoni, jioni, nakanda unga kama huu. Alikuwa amekonda, nikamwambia umekonda. Akasema, "Mama, silali." Nikamwambia sali rozari. Akasema nasali. Nikamwambia, kwa utani, kijana mzima hulali, oa utalala. Akacheka, Anti. Alicheka vizuri kabisa. Akanilipa elfu arobaini aliyokuwa anadaiwa tangu Pasaka, sikuwa nimemdai. Halafu akatoa daftari lake la nota, lile kubwa la jalada gumu, miaka sita ya nyimbo zote, akasema utanitunzia. Mikono ilikuwa na unga. Nikamwambia weka hapo kabatini, na alipoliweka likateleza, nikalidaka kwa kidole. Alama ya unga ya dole gumba langu iko kwenye jalada mpaka leo. Sijaifuta.

Akaaga. Sikuosha hata mikono kumsindikiza mlangoni.

Mama yake analitafuta hilo daftari. Amewauliza wanakwaya wote. Amefikia kusema kuna mtu wa kwaya ameliiba akanakili nyimbo za mwanawe, na kweli kuna binti mmoja hasalimiwi tena kwa sababu hiyo. Nilikuwepo akisema. Nikatikisa kichwa kama wengine. Liko chini ya vitenge vyangu, hatua kumi kutoka hapa nilipokaa.

Sasa usidhani sijajifunza. Wiki tatu baada ya mazishi, jumuiya imekaa, tunasoma Injili, tukafika pale pa kushirikishana, na kijana mmoja wa kidato cha sita akasema kwa sauti ndogo, "Mimi pia silali." Kimya. Watu ishirini na kitu, kimya, mtu anaangalia mkeka. Katekista akasema tuimbe, tukaimba beti zote nne. Lakini mimi baada ya sala nilimshika yule mtoto mkono, nikatembea naye mpaka kwao, nikamuuliza wazi kabisa kama anafikiria kujitoa uhai. Niliogopa kumuuliza, nilidhani nitamtia wazo. Akasema ndiyo, akalia, na baada ya kulia akaomba chakula. Kesho yake nikaenda naye hospitali, kitengo cha afya ya akili. Baba yake alikuwa anatukataza, anasema wataita polisi, maana kwa Kanuni ya Adhabu yetu kujaribu kujiua ni kosa mpaka leo. Nesi akamwambia baba, mtoto hajajaribu kitu, amekuja kuomba msaada. Sasa anahudhuria kila wiki mbili, na jioni anakuja hapa kunisaidia kukata maandazi, anayakata vibaya. Hilo jumuiya hawajui. Wangejua wangenisifu, na mimi sitaki kusifiwa, kwa sababu swali linalofuata ni kwa nini kwa huyu niliweza.

Paroko nimemwungamia. Alinipa maondoleo, akaniambia mwanangu, hukujua. Nilitoka nimepona mpaka nikafika getini. Maana kama sikujua, mbona nimelificha daftari? Ningelipeleka msibani siku ya kwanza, nikasema aliniachia Jumanne, ningekuwa mtu aliyeachiwa kitu tu. Sasa miezi miwili imepita, nimekuwa mwizi. Na nikilipeleka ataniuliza alisema nini. Nitamwambiaje mwanao alisema halali, mimi nikamwambia aoe?

Wakati mwingine nahisi anajua. Alivyoniangalia akihesabu zile noti. Labda hakuwa anaulizia hela. Halafu nasema hapana, angejua angekuja kuchukua daftari la mwanawe, ni mama.

Novemba ndiyo hiyo. Unajua mwezi wa marehemu, kila jumuiya inapeleka orodha ya majina parokiani yasomwe kwenye Misa, na orodha anaandika katibu. Inatakiwa Jumapili hii. Nimeandika majina kumi na moja, baba yangu yumo, mke wa mwenyekiti yumo. La kijana nimeliandika nikalikata, nikaliandika tena nikalikata, karatasi imetoboka pale. Si kwa ubaya, Anti, sina ubaya naye, nilimbatiza. Ila nikiliandika bila kumuuliza mama yake, atasema tumejifanya tunampenda akiwa kwenye karatasi. Na nikienda kumuuliza siwezi kwenda mikono mitupu nikamwacha anatafuta kitu kilicho kwangu. Kwa hiyo ni vyote viwili au hakuna. Au niende na daftari peke yake, niseme limepatikana kabatini kwa kwaya? Binti wa watu angesafishika. Lakini ule unga kwenye jalada ni wangu, na yeye maandazi yangu anayajua.

Usitaje jumuiya yetu wala parokia. Nijibu kabla ya Jumapili kama unaweza. Unga unaanza kuchacha, ngoja niwashe moto.