Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kundi la Bima Linalolingana na Upasuaji Tunaoufanya

Ndugu wanachama, wataalamu wa meno wa Mtwara na Lindi,

Taarifa za fedha na za uanachama mmekwisha kuzipata kutoka kwa mweka hazina na katibu, nami sitazirudia. Kamati imeniruhusu nitumie nafasi yangu yote kwa jambo moja lililochukua vikao vyetu vingi mwaka huu, yaani kama kundi la bima ya dhima ya kitaaluma (bima inayomlipia mtaalamu anapodaiwa fidia kwa kazi yake) ambalo kila mmoja wetu analilipia linalingana kweli na kazi anayoifanya pale kwenye kiti cha mgonjwa.

Jambo hili lilianza kwa mwenzetu mmoja mwenye kliniki binafsi, ambaye ameridhia nilieleze bila kumtaja. Alipokea mgonjwa wa kung'olewa gego la chini, kazi ambayo sote tunaifanya karibu kila siku. Taji, yaani sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi, likavunjika, mzizi mmoja ukabaki, naye akafanya alichofundishwa: akafungua ufizi, akapunguza mfupa, akautoa mzizi na kushona. Kidonda kilipona vizuri, lakini ganzi ya mdomo wa chini haikuondoka, na baada ya miezi kadhaa ikaja barua ya madai. Kampuni ya bima iliomba kumbukumbu za matibabu, ikazisoma sambamba na hati ya bima, kisha ikajibu kwamba mwenzetu alikatiwa kundi la matibabu ya jumla, linalojumuisha kung'oa meno lakini linaloacha nje upasuaji, na kwamba tangu alipogusa mfupa alikuwa ametoka katika kundi lake. Alimalizana na mgonjwa kwa mazungumzo na kwa fedha zake mwenyewe.

Siku niliyosikia habari hiyo nilikwenda nyumbani kutafuta hati yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitoa magego ya mwisho yaliyolala ndani ya mfupa, na hati yangu ilikuwa na maneno yaleyale. Nimeona ni wajibu wangu kuwaambia hivyo, kwa sababu wanachama wengi walioleta hati zao mbele ya kamati walikuwa katika hali hiyohiyo, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya. Fomu ya maombi huuliza cheo na makadirio ya mapato, kisha hutaka uweke alama kwenye kundi, na tunaweka alama ile inayofanana na jina lililoandikwa kwenye leseni.

Hapo ndipo tunapokosea. Kundi la bima hupangwa kwa kufuata hatari ya kazi, na hatari hiyo haibadiliki eti kwa kuwa aliyeifanya ni tabibu wa meno, daktari msaidizi au daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Kuziba jino, kusafisha na kutibu mzizi vina madhara yake, lakini mengi ya hayo hurekebishika. Kukata mfupa karibu na mshipa wa fahamu wa taya la chini, au kuchimbua kwa elevata, kifaa cha kulegezea jino, upande wa ulimi wa gego la mwisho, kunaweza kumwachia mtu ganzi ya kudumu; mzizi wa gego la juu unaweza kufungua tundu kuelekea kwenye uwazi wa mfupa wa shavu; taya lililodhoofika linaweza kuvunjika. Wengi wanaopata ganzi ya namna hii hupona ndani ya miezi, na wanaobaki nayo ni wachache sana, lakini kila mmoja wao anaweza kuleta dai kubwa, na ndiyo maana ada ya kundi la upasuaji iko juu.

Ugumu wetu ni kwamba mpaka kati ya kung'oa na kupasua haupo mlangoni mwa kliniki, ambapo mtu angeweza kuuona na kugeuka. Upo katikati ya kazi, mgonjwa akiwa na ganzi na mdomo wazi, na mzizi umekwisha kuvunjika. Baadhi ya wanachama walipendekeza kwamba asiye na kundi la upasuaji asimame hapohapo na kuandika rufaa. Ziko hali ambazo hiyo ndiyo tiba sahihi, hasa pale mzizi mdogo usio na maambukizi unapokuwa karibu mno na mshipa wa fahamu. Lakini mgonjwa aliyetoka Liwale au kijiji cha ndani cha Tandahimba, akiwa na jipu na nauli ya siku moja, hawezi kuambiwa arudi mwezi ujao kwa sababu ya alama iliyowekwa kwenye fomu. Kwa hiyo msimamo wa kamati ni huu: yeyote anayeng'oa magego ya watu wazima, na mwenye mafunzo na vifaa vya kufungua ufizi, akate kundi linalotaja kwa maneno kutoa jino au mzizi kwa kufungua ufizi na kuondoa mfupa. Akate kwa kufuata kazi nzito zaidi ambayo mikono yake huifanya, hata kama huifanya mara chache kwa mwaka.

Vipandikizi vya meno, yaani mizizi bandia inayopandwa ndani ya mfupa, na dawa za kutuliza zinazopitia mshipani kwa kawaida hutajwa peke yake, na mtu asidhani kwamba neno upasuaji linavibeba. Aliyerudi kutoka kwenye mafunzo ya vipandikizi anapaswa kuiarifu kampuni kwa maandishi, na kupata nyongeza ya hati, kabla ya mgonjwa wake wa kwanza.

Wenzetu wanaosoma vitabu vya Uingereza wameuliza kwa nini huko daktari huonekana kusaidiwa hata katika hali zisizotajwa. Huko kuna vyama vya kujikinga vya wataalamu wenyewe, kama Medical Defence Union iliyoanzishwa mwaka 1885, ambavyo kwa desturi humsaidia mwanachama kwa hiari ya chama. Hati zetu ni mikataba ya bima, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na mkataba hulipa kile ulichokiandika.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ni muda. Hati nyingi za aina hii hujibu dai linalofika wakati bima iko hai, bila kujali kwamba kazi ilifanyika miaka iliyopita, mradi tu isitangulie tarehe ya kuanzia iliyoandikwa ndani. Maana yake ni kwamba anayestaafu au kufunga kliniki na kuacha kulipa amebaki wazi kwa kazi zake zote za nyuma, asipokata bima ya kipindi cha baadaye, yaani ya madai yatakayofika baada ya yeye kuacha kazi. Sheria yetu ya ukomo wa muda humpa mtu miaka 3 kudai fidia kwa uzembe na miaka 6 kwa mkataba, na kwa mtoto hesabu huanza atakapotimiza miaka 18. Mtoto wa miaka 12 uliyempasua leo anaweza kukudai akiwa na miaka 20.

Kwa sababu hiyohiyo, nawaomba msiache pengo hata la wiki moja. Tunajua sote kwamba mapato ya kliniki zetu hufuata korosho, na kwamba hati inayoisha Agosti humkuta mtu hana kitu. Ni afadhali kuzungumza na dalali wa bima mapema ili tarehe ya kuhuisha ihamie Januari, baada ya minada, kuliko kushuka kundi ili ada itoshe.

Walioajiriwa serikalini wanajua kwamba kwa kazi ya hospitali, inayoshtakiwa huwa ni Serikali, baada ya notisi ya siku 90. Kinga hiyo haiwafuati jioni kwenye kliniki binafsi. Mwenye kliniki naye hubeba dhima ya tabibu aliyemwajiri, hivyo jina la kliniki liwemo kwenye hati. Na wale wanaopokea wagonjwa kutoka Msumbiji, wanaovuka Ruvuma kwa Kilambo au daraja la Mtambaswala, wasome kifungu cha mipaka: hati nyingi hujibu mashauri ya mahakama za Tanzania tu.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili. La kwanza, kila mwanachama alete nakala ya hati yake kwa katibu kabla ya kuihuisha, isomwe na wajumbe wawili pamoja na orodha ya kazi alizofanya mwaka uliopita, kama zilivyo kwenye daftari la kliniki. La pili, chama kiiandikie kila kampuni inayotukatia bima, kuitaka ieleze kwa maandishi kama mzizi uliovunjika wakati wa kung'oa, na kutolewa kwa kuondoa mfupa, unahesabiwa ndani ya kundi la jumla au nje yake. Rasimu ya barua hiyo iko mezani mwa katibu.

Naomba kuwasilisha.